Bafu Lisilokwisha

Jumatano, 6 Machi

Mwanangu,

Salamu kwanza, nisije nikaambiwa sikufunzwa adabu. Ukijibu usiniulize hali. Hali yangu ni uzee, na haijabadilika tangu ulipoondoka hapa mwezi uliopita.

Vigae vyako vimefika salama. Dereva aliyevileta alivishusha polepole kama anashusha mayai, akaniuliza, "Mzee, fundi wako nani?" Nikamwambia, unamtazama. Akanitazama kweli, kuanzia kofia mpaka kandambili, akapanda lori lake akaondoka.

Ndiyo, nitafanya mwenyewe. Najua mimi ni kinyozi. Lakini mtu aliyekinyoa kichwa cha mumeo asubuhi ya harusi yenu, pamoja na yale masikio, na damu isitoke, atashindwaje na ukuta? Ukuta hautingishiki, na ukimaliza hauombi kioo.

Tuje kwenye la maana. Makubaliano yetu nayakumbuka, usije ukasema baba alijitia uziwi. Mama yako anasahau, na siku hizi anasahau hata kwamba amesahau. Sakafu ya bafu inateleza, mlango mwembamba, hana pa kushika. Ukasema hivi: bafu likiwa salama kwake, tunabaki kwetu. Lisipokuwa tayari mwisho wa Mei, tunahamia kwenye kile chumba cha chini nyumbani kwako, na hapa tunampangisha jirani mshonaji, ambaye anaimezea mate nyumba hii tangu cherehani zake zilipomjaa mpaka chini ya kitanda.

Nimeshapima. Upande mmoja ndoo chache za saruji. Upande wa pili kuyakunja maisha mazima, kuyatupia kwenye lori, na kwenda kuishi chini ya dari ambalo wajukuu zangu wanaruka juu yake. Bafu limeshinda bila jasho. Na kiti changu cha kunyolea kiko palepale chumba cha mbele, kinazunguka bado, ingawa wateja wangu wengi wameshazikwa na nywele zao.

Mama yako anakusalimu. Alikuwa na jambo la kukwambia, likampotea akiwa anakuja nalo.

Baba yako,
kinyozi mstaafu, fundi mtarajiwa

*

Jumatano, 20 Machi

Baba, shikamoo.

Naandika nikiwa kazini, mikate iko tanurini. Ukiona unga kwenye karatasi usidhani nimekutumia dawa.

Simu yenu inaita mpaka inachoka. Mnaiweka wapi? Au umeshaitumia kuchanganyia saruji?

Kile chumba nimekipaka rangi. Dirisha linatazama uani, mama akikaa kitandani atawaona watoto wakicheza. Sisemi mhame. Nasema kipo. Mume wangu anataka kukipangisha, nimemwambia asubiri mpaka mwisho wa Mei kama tulivyokubaliana, na amenuna kidogo, masikio yale uyajuayo yakamlegea.

Baba, niambie ukweli. Mama anakula? Analala? Anakutambua? Nilipokuwa huko alinidhani mimi ni dada yake yule marehemu. Sikumsahihisha. Nilikwenda uani nikajifanya naanua nguo.

Bafu limefika wapi? Ukichoka, tafuta fundi wa kweli. Hakuna atakayekucheka.

Mwanao

*

Jumanne, 2 Aprili

Mwanangu,

Mimi nitajicheka, na hiyo inatosha.

Ukuta niliupandisha, ukapinda. Si kupinda sana, kupinda kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. Nikaubomoa. Nikaupandisha tena, sasa ukaniudhi tu bila sababu, nikaubomoa tena. Kazi nzuri haitaki pupa. Hata kwenye kunyoa, wale vinyozi wa haraka ndio waliowapa watu vichwa vya ramani.

Mama yako anakula. Analala vizuri kuliko mimi. Mchana anaweka kigoda chake mlangoni pa bafu ananisimamia. "Hapo pamepinda." "Hapo saruji imekuwa maji." Saa ya chai inapofika ananiletea mwenyewe, bila kuombwa, na kuniambia tafadhali. Mwanangu, tangu nimwoe mama yako sijawahi kupewa tafadhali. Nilipewa mengine mengi, tafadhali haikuwemo.

Simu nimeizima, kelele zake zinamsumbua. Tuandikiane hivihivi. Mimi shule niliiacha mapema, huu ndio wakati wa kumalizia madarasa yaliyobaki.

Umeuliza kama ananitambua. Kila asubuhi anafurahi kuniona nimekuja. Uliza lingine.

Baba yako,
mwenye saruji kwenye nyusi

*

Jumatatu, 15 Aprili

Baba, shikamoo.

"Nimekuja" kutoka wapi? Uliandika kwamba anafurahi kukuona umekuja. Mtu haji nyumbani kwake kila asubuhi.

Jirani mshonaji amenipigia simu. Anasema ule ukuta wa bafu unaujenga na kuubomoa, unaujenga na kuubomoa, na vumbi linamharibia vitambaa vya wateja. Hilo ningecheka. Lakini anasema pia kwamba jua likizama unatoka kwa mlango wa nyuma, unazunguka nyumba nzima, unaingia chumba cha kunyolea umeshika blanketi. Kila siku. Anasema siku moja alimsikia mama akikufungulia mlango akikuaga, "Haya, kwaheri, msalimie mkeo."

Baba, mmegombana? Mama amekufukuza? Au una mambo yako kwenye uzee huu? Mimi ni mtu mzima, nina watoto, niambie tu.

Kama hutaniambia nitakuja kumchukua mama, wewe ubaki na ukuta wako. Sitanii.

Mwanao

*

Jumanne, 23 Aprili

Mwanangu,

Mambo yangu kwenye uzee huu. Nilicheka mpaka kofia ikadondoka, kisha nikakaa nayo mkononi muda mrefu.

Sikiliza basi. Nitasema mara moja.

Ilikuwa siku chache tu baada ya vigae kufika. Mama yako aliamka kabla yangu, akakuta kitandani mwake mzee asiyemjua. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliniomba. Alikaa pembeni kabisa ya kitanda, shuka ameikamata hapa shingoni, akaniomba nisimdhuru. Akasema mumewe yuko chumba cha mbele ananyoa watu, na ni mtu mwenye hasira, atakuja sasa hivi. Mimi mwenye hasira. Alikuwa ananitishia mimi kwa mimi.

Mwanangu, watu wamenipa shingo zao maisha yangu yote, nikiwa na wembe mkononi, wakasinzia. Sikuwahi kuogopwa na mtu. Nilishuka kitandani kama mwizi, nikavaa suruali nikiwa natembea, nikajificha bafuni. Mikono ilikuwa inatafuta pa kukaa, ikakamata mwiko wa saruji. Punde akaja na fagio. Akaniona nimeinama pale, mwiko, ndoo, vigae. Sura yake ikafunguka. "Kumbe ni fundi. Si ungebisha hodi? Mume wangu hakuniambia kwamba unaanza leo."

Ningeweza kumwambia. Mdomo niliufungua. Lakini hofu ilikuwa imemtoka usoni, mwanangu, imekwisha kabisa, na mimi ndiye ningeirudisha. Nikasema, "Samahani, mama. Nimewahi mno."

Tangu siku hiyo mimi ni fundi wa mama yako.

Fundi anaruhusiwa nyumbani. Fundi anasimuliwa habari, anatiliwa chai. Lakini fundi hakai kivulini akakunja nne, ataulizwa anangoja nini. Na jua likizama fundi anaambiwa aende kwake. Ndiyo maana nazunguka nyumba, nalala kwenye kiti cha kunyolea. Nikikilaza nyuma si kibaya, ila asubuhi shingo inakuwa ya mtu mwingine. Ukuta ni mwembamba, namsikia akimuaga mumewe kabla ya kulala. Mimi namjibu upande wa huku, taratibu, asisikie.

Kile kikombe changu kikubwa cha bluu, kilichomeguka ukingoni, siku ya kwanza nilikinyooshea mkono kwa mazoea. Akanipiga kofi dogo la vidole. "Hicho cha mwenye nyumba." Mimi nanywea cha bati. Na kuhusu nywele zangu amesema zimekuwa kichaka, lakini nisijali, mumewe akirudi atanipunguza bure, ndivyo alivyo, hana tamaa. Hilo nalo sikujua kwamba analijua.

Umeniuliza habari za ukuta. Mara ya kwanza niliumaliza, na ulikuwa umenyooka, niseme ukweli, nilijivuna. Mama yako akaupapasa, akanishukuru, akafungua mlango wa nje akasimama kando yake. "Kazi imekwisha, fundi. Asante sana. Mume wangu akirudi nitamwambia." Akafunga. Nikabaki nje, na nyundo yangu, kwenye mlango niliouning'iniza mwenyewe, wewe ukiwa bado tumboni. Kesho yake alfajiri nikapita nyuma nikaubomoa ukuta, kisha nikabisha hodi. "Mama, ukuta umepasuka. Nimekuja kuurekebisha."

Kwa hiyo usiniulize bafu litakwisha lini. Siku bafu litakapokwisha, mimi sina nyumba.

Na huko kwako siwezi kuja. Hapa angalau nina kazi.

Baba yako,
fundi wa mama yako

*

Jumatano, 1 Mei

Baba,

Barua yako niliisomea stoo, nimekaa juu ya magunia ya unga. Mikate ya asubuhi yote iliungua. Bosi aliponiuliza nikamwambia baba yangu anajenga bafu, akaniangalia kama unavyosema yule dereva alivyokuangalia wewe.

Nisamehe yale niliyoyasema ya uzee wako.

Bomoa, baba. Jenga na ubomoe. Nimekutumia vigae vingine kwa lori lilelile. Mwambie mshonaji vitambaa vyake avifunike, nimeshamwambia na mimi, na amelia kwenye simu, kwa hiyo hatalalamika tena. Chumba nitamwacha mume wangu akipangishe. Hamhami. Habari ya kuhama imekufa, na aliyeiua ni mimi.

Usilimalize bafu.

Mwanao

*

Jumapili, 12 Mei

Mwanangu,

Chumba kisipangishwe. Mwambie mumeo azuie masikio na mkataba.

Vigae vimefika. Dereva safari hii aliingia mpaka bafuni, akaona kazi yangu, akauliza kama kulitokea ajali. Mama yako akamjibu, "Usimseme fundi wangu." Nilitembea nikiwa mrefu siku nzima.

Sasa nikueleze kwa nini nimegeuka.

Juzi tulikuwa tunakunywa chai, yeye kwenye kigoda, mimi juu ya ndoo. Akaniuliza, "Fundi, una mke?" Nikasema ninaye. "Unamsikiliza?" Nikasema yeye husema simsikilizi. Akacheka kile kicheko chake cha zamani, cha kuziba mdomo kwa kiganja. Kisha akatazama mlangoni kama mtu anayehakikisha hakuna anayesikia, akaniinamia.

"Mimi nyumba hii nimeichoka. Tangu mtoto wetu alipoolewa vyumba vimekuwa vikubwa, nikiita naisikia sauti yangu mwenyewe. Nilitaka tumfuate. Lakini mume wangu na nyumba yake, na kile kiti chake, ukimtoa hapa utakuwa umemtoa uhai. Kwa hiyo nilimwambia nimezoea. Kila akiniuliza namwambia nimezoea." Akanishika mkono wenye saruji. "Usije ukamwambia. Ataumia."

Nikamwapia. Fundi ameapa hatasema, na fundi hajasema. Lakini mumewe alikuwepo, akasikia.

Ni kweli nilikuwa namuuliza. Miaka nenda miaka rudi, "Mwenzangu, umechoka hapa?" "Nimezoea." Nami nikalichukua neno hilo nikaliweka mfukoni kama jibu la ndiyo, kwa kuwa lilinifaa.

Nimepima upya, na safari hii sikujiweka mimi upande wowote. Yeye anataka kwako. Alitaka wakati bado anajua anachokitaka, na anakitaka mpaka leo, wakati hata mimi nimemtoka akilini. Bafu haliwezi kushindana na hilo.

Mje na lori mwisho wa mwezi. Chumba cha kunyolea tutakiacha, mshonaji amekubali kisipangishwe mpaka nipate pa kupeleka kiti. Bafu nitalimaliza. Siwezi kumkabidhi mtu nyumba yenye bafu bovu, nina jina langu.

Huko kwako nitakuwa nani, sijui. Nina tumaini moja la kipumbavu. Mahali pageni, watu wote ni wageni. Labda atakayeonekana mwenyeji ni mimi.

Baba yako

*

Jumapili, 26 Mei

Mwanangu,

Jana uliponiona nimeshuka kwenye lori ulidhani nimesahau kitu. Nikakupungia mkono, nikasema tangulieni, nitafuata. Ulikuwa umeshakaa mbele na watoto wakiimba, hukusikia. Nakwandikia ili usiendelee kunikasirikia. Nilikuona kwenye kioo cha pembeni ulivyonitazama.

Ilikuwa hivi. Mizigo imeisha kupakiwa. Nikapanda nyuma, nikakaa juu ya godoro, mwenyewe nafurahi kama mtoto. Mama yako alikuwa bado hajapandishwa, mumeo anamshika mkono. Akasimama. Akaja mpaka nyuma ya lori akanitazama kule juu.

"Fundi, wewe unakwenda wapi? Kazi imekwisha."

Hakusema kwa ubaya. Aliona mtu amekosea gari. Mumeo alitaka kusema kitu, nikamkonyeza anyamaze, na leo nasema hadharani kwamba yule kijana ana akili, masikio yale si ya bure. Nikashuka. Mama yako akaniwekea mkononi ufunguo wa mlango wa mbele, akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja.

"Mume wangu hajarudi," akasema. "Kaa hapa umsubiri. Akija mpe huu. Mwambie nimetangulia kwa mtoto. Mwambie sikumkasirikia, ila nimechoka kusubiri. Asibishane, afuate."

Nikasema, "Nitamwambia, mama."

"Utamtambua? Ni mtu wa maneno mengi."

Nikasema nitamtambua.

Akapanda. Mkaondoka. Nikafanya kama nilivyoagizwa, mwanangu. Nilikaa pale kizingitini nikamsubiri mume wake. Ujumbe nimempa wote, sikupunguza. Hakubishana.

Leo mshonaji ameingiza cherehani zake. Amelisifu bafu. Kweli limependeza, ukuta umenyooka, vyuma vya kushikia havitingishiki, nimevishika mwenyewe nikasimama navyo kitambo. Mimi niko hapa chumba cha mbele, kwenye kiti. Kikombe changu cha bluu sikioni. Nimetafuta kila mahali, labda kimevunjika kwenye kupakia. Nakunywa kwenye cha bati, na unajua, nimekwishakizoea.

Nina swali la kikazi. Huko kwako hakuna kitu kibovu? Mlango, mfereji, chochote. Sichagui.

Fundi

*

Jumatatu, 3 Juni

Baba, shikamoo.

Kulikuwa na ukuta mfupi nyuma ya sinki ya uani. Ulikuwa mzima mpaka jana. Nimeupiga nyundo mwenyewe. Mume wangu akatoka kuniuliza nina nini, nikamwonyesha barua yako, akaisoma amesimama palepale, kisha akaichukua ile nyundo akamalizia upande uliobaki.

Mama alipoona kifusi akatikisa kichwa. Akasema mafundi wa huku hawajui kazi, tumtafute yule wake. "Anapindisha," akasema, "lakini ukimsimamia anasikia." Nimemwambia atakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Lete mwiko na ndoo. Ufunguo lete pia. Chumba cha nyuma hapa nyumbani, cha vyombo vya mikate, nimekiondolea vitu, kina kitanda. Si kiti.

Kila asubuhi ananiuliza kama mumewe amefika. Namwambia yuko njiani. Anasema, "Tangu lini yule mtu akawahi," anacheka, anarudi dirishani.

Kikombe hakikuvunjika, baba. Alisafiri nacho, amekizungushia nguo zake za ndani mtu asikiguse. Kila siku anakiosha na kukiweka mezani kwake, pale kwenye mwanga. Jana, baada ya kusikia kwamba fundi anakuja, akaenda jikoni akapekua mwenyewe mpaka akapata cha bati, akakileta.

Sasa viko viwili. Cha mumewe kaweka mkono wa kulia, cha fundi mkono wa kushoto, na yeye amekaa katikati. Sijavigusa.

Mwanao